Sinema ya Dawa za Njozi na Maswali ya Birere

Kitabu tunachotaka kukipima leo si cha dini, wala aliyekitunga si mtu wa Kanisa. Ni kitabu cha Michael Pollan, mwandishi wa Marekani, kilichotoka mwaka 2018 kwa jina la How to Change Your Mind. Mwaka 2019 kikatoka kwa Kifaransa, jina lake Voyage aux confins de l'esprit. Tena mwaka 2022 Netflix wakakifanya sinema ya sehemu nne, na kila sehemu yaeleza dawa moja: LSD, uyoga wa njozi, MDMA na meskalini. Sisi twaziita zote dawa za njozi, kwa kuwa anayezimeza huona na kusikia mambo yasiyo ya kawaida kwa muda wa saa kadhaa, kisha hurudi. Ijapokuwa MDMA yalainisha moyo zaidi kuliko kuleta njozi. Neno la Pollan ni hili: dawa hizo, zilizopigwa marufuku miaka mingi, zaweza kumsaidia mtu aliyelemewa na huzuni isiyokwisha, au mlevi, au mgonjwa anayekiogopa kifo.

Mtu aweza kuuliza: je, kitabu hicho chatuhusu nini sisi wa Goma? Chatuhusu kwa sababu kimekwisha kufika. Hakikuingia kwa mlango wa duka la vitabu. Kimeingia kwa vipande vya sinema vya dakika mbili tatu, vinavyorushwa kutoka simu hadi simu katika vichochoro vya Birere, kati ya soko na Petite Barrière, pale ambapo habari yakimbia kuliko chukudu kwenye mteremko. Kijana amwonyesha mwenzake mtu wa Marekani anayelia machozi na kusema kwamba amekunywa dawa mara moja, na hofu iliyomtesa miaka kumi imemtoka. Na hapa tuseme kweli. Mji huu ulipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi mwaka 1994. Ulipitiwa na moto wa Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likateketea. Ukakimbia moto tena tarehe 22 Mei 2021. Mei 2024 mabomu yakaanguka juu ya wakimbizi kule Mugunga, na mwisho wa Januari 2025 vita vikaingia mjini penyewe. Katika mji wa namna hii, ni nani asiyesimama kumsikiliza mtu asemaye kwamba hofu yaweza kutoka kwa siku moja?

Basi watu wasema. Kuna wasemao: Wazungu wamepata dawa ya wazimu, lakini wametuficha. Kuna wasemao: ni kazi ya Shetani, ni uchawi uliovaa koti jeupe la daktari. Na kuna wazee wanaocheka na kusema: hii ni bangi ya matajiri, mtoto wa Birere akivuta hukamatwa, tajiri wa California akimeza huandikiwa kitabu. Tumeyasikia yote matatu, tena ndani ya shirika moja, jioni moja, baada ya kumaliza rozari. Wazee hao wametuchekesha, na hatuwezi kusema kwamba wamekosa kabisa.

Tuanze na sifa za kitabu, maana si haki kumpima mtu kwa makosa yake tu. Pollan aandika vizuri. Haongopi juu ya nafsi yake: asema wazi kwamba alizijaribu dawa kadhaa mwenyewe, na kwamba aliogopa. Historia aieleza kwa utaratibu. Twasoma jinsi Albert Hofmann, mkemia wa kiwanda cha Sandoz mjini Basel, alivyoitengeneza LSD mwaka 1938, akaiweka kando, na Aprili 1943 akagundua nguvu zake mwilini mwake mwenyewe. Twasoma jinsi madaktari wa miaka ya 1950 walivyoijaribu kwa walevi na kwa wagonjwa wa akili, jinsi vijana wa miaka ya 1960 walivyoichukua kuwa mchezo, jinsi serikali zilivyoifunga, na jinsi wataalamu wa chuo cha Johns Hopkins na wengine walivyoufungua mlango tena tangu mwaka 2006. Hayo yote yasomeka bila kuchoka.

Lakini tukifika mambo ya roho, hapo hatuwezi kukubali upesi.

Kabla ya Pollan alikuwako Mwingereza Aldous Huxley. Mei 1953, nyumbani kwake California, mbele ya daktari Humphry Osmond, alikunywa meskalini, akatazama maua katika chombo, akaona kwamba ameona kiini cha vitu vyote. Mwaka 1954 akaandika kitabu kidogo, The Doors of Perception, akidokeza kwamba waliyoyaona watakatifu, yeye naye ameyaonja. Mtu aliyemjibu vizuri kuliko wote alikuwa Mkatoliki, R. C. Zaehner, profesa wa Oxford aliyeingia katika Kanisa mwaka 1946. Yeye hakumjibu kwa kelele. Aliinywa meskalini mwenyewe mwaka 1955, mbele ya mashahidi, akaona mambo ya kuchekesha tu. Mwaka 1957 akatoa kitabu kizima kueleza kwamba kuona ulimwengu unang'aa ni jambo moja, na kuungana na Mungu aliye hai ni jambo jingine. Hatusemi kwamba kila mtu afuate njia yake ya kupima. Twasema tu kwamba alijua anachokisema.

Pollan aeleza pia jaribio la Ijumaa Kuu ya mwaka 1962, na ukurasa huo tuliusoma mara mbili. Tarehe 20 Aprili mwaka huo, daktari kijana Walter Pahnke aliwakusanya wanafunzi 20 wa teolojia katika kikanisa cha chuo kikuu cha Boston. Kumi aliwapa dawa ya uyoga, kumi akawapa dawa nyingine isiyoleta njozi, na ibada ya Mateso ya Bwana ikasikika kwa vyombo vya sauti kutoka kanisa la juu. Wengi wa wale kumi wa kwanza walisema kwamba wamekutana na Mungu. Taarifa hiyo ilisifiwa sana duniani. Lakini yalikuwapo yasiyosimuliwa vizuri wakati ule: mmoja wao alishikwa na fadhaa kubwa hata ikawa lazima kumpiga sindano ya kumtuliza, na jambo hilo lilikuja kuelezwa wazi miaka mingi baadaye, katika uchunguzi wa mwaka 1991. Sisi twauliza: kama ni ushuhuda, mbona shahidi mmoja aliachwa nje? Tena, Kanisa halijapata kumtangaza mtu kuwa mtakatifu kwa sababu ya njozi. Mtakatifu Yohane wa Msalaba aliwaonya watawa wake wasizikimbilie njozi, hata zile zinazotoka kwa Mungu. Waulizao habari za mtakatifu huuliza alivyowatendea watu wa nyumbani kwake, maskini na adui zake. Na kwa swali hilo kidonge hakina jibu.

Sehemu iliyotugusa kuliko zote ni ile ya María Sabina. Alikuwa mama wa kabila la Wamazateki, mjane, maskini, Mkatoliki, katika kijiji cha Huautla de Jiménez huko Mexico. Aliwaponya watu wake kwa uyoga, usiku, kwa sala na nyimbo, na majina ya watakatifu wetu yalikuwa kinywani mwake. Mwaka 1955 alifika kwake Gordon Wasson, mtu wa benki wa New York. Akamwambia kwamba ana wasiwasi juu ya mwanawe aliye mbali na angetaka kupata habari zake, kwa maana alijua kwamba uyoga ule haukuliwa bila shida. Mama akamkubali. Mwaka 1957 Wasson akayaandika yote katika gazeti la Life, pamoja na picha. Basi wageni wakamiminika kijijini, vijana waliotaka kuona njozi. Serikali ikatuma askari, wanakijiji wakamkasirikia mama huyo, nyumba yake ikachomwa moto. Alifariki mwaka 1985, maskini kama mwanzo. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba kwao uyoga ulikuwa wa kuponyea wagonjwa, na kwamba kabla ya wageni hakuna aliyeula ili tu kumtafuta Mungu.

Wasomaji watazame vizuri hapo. Mtu wa benki alichukua uyoga, akamwacha mama. Alichukua kitu, akaiacha nyumba, sala, usiku mzima wa kuketi na mgonjwa, jirani wanaomjua mgonjwa kwa jina. Na hivyo ndivyo wanavyofanya watu wengi wanaozungumza juu ya dawa hizi, wanaozisifu na wanaozilaani vilevile: macho yao yako juu ya kidonge.

Kwetu Afrika jambo hilo si geni. Nchini Gaboni kuna mti uitwao iboga, na mizizi yake yatumiwa katika Bwiti, dini ya wenyeji, ambayo wamisionari walipigana nayo tangu zamani na ambayo nayo ilichukua mambo mengi ya Kikristu. Hatutaki kuifungua kesi hiyo hapa. Twataka kusema tu kwamba mwaka 1962 kijana mmoja wa New York, Howard Lotsof, aliyekuwa mtumwa wa heroini, alijaribu dawa iliyomo katika mizizi hiyo, akaona kwamba tamaa ya heroini imemwacha. Tangu hapo ibogaini inatafutwa. Mwaka 2000 Gaboni ikaitangaza iboga kuwa urithi wa taifa. Mwaka 2025 jimbo la Texas likatenga dola milioni 50 kwa ajili ya kuichunguza. Lakini dawa hiyo yaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na wako waliokufa kwayo katika vyumba visivyo na kipimo cha moyo wala mtu wa kuwaangalia. Huko Gaboni anayeingizwa katika Bwiti huzungukwa na watu wazima usiku kucha. Kidonge peke yake hakisafiri na watu hao.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana kitabu cha Pollan kina habari nyingi za watu na hesabu chache, na makubwa yamefanyika baada ya kutoka kwake.

Mwaka 2022 ulitangazwa uchunguzi wa wagonjwa 233 wenye huzuni kubwa ambayo dawa za kawaida zilishindwa kuiondoa. Walipewa dawa ya uyoga mara moja, wengine kipimo kikubwa, wengine cha katikati, wengine kidogo mno. Baada ya wiki 3, katika kila 100 wa kipimo kikubwa 29 walikuwa wametoka katika ugonjwa. Wa kipimo kidogo walikuwa 8. Tofauti ni ya kweli, haifai kuidharau. Lakini kufika wiki ya 12, walioendelea kuwa nafuu katika kila 100 walikuwa kama 20 upande mmoja na 10 upande mwingine. Mtu wa simu ya Birere aliyeambiwa kwamba dawa yaponya kwa siku moja, hakuambiwa wiki ya 12.

Uchunguzi wa MDMA uliotangazwa mwaka 2021 watufaa zaidi, kwa sababu wahusu watu waliobaki na hofu kwa ajili ya vita au kutendwa vibaya. Walikuwa 90. Waliopewa dawa, 67 katika kila 100 hawakuhesabiwa tena kuwa wagonjwa. Waliopewa kidonge kisicho na kitu ndani, 32 katika kila 100. Magazeti yote yakashangilia ile 67. Sisi twaomba msomaji aitazame ile 32. Watu hao hawakupewa dawa yoyote! Walipewa nini basi? Walipewa watu wawili waliofundishwa, waliokaa nao siku tatu, kila siku kama saa 8, na tena mikutano 12 ya saa moja na nusu, kabla na baada. Jumla yake ni kama saa 42 za kuketi na kusikilizwa. Karibu theluthi moja walipona kwa kukaliwa karibu tu.

Saa 42. Mama wa Birere anayeuza sambaza, ni nani aliyewahi kumsikiliza hata saa mbili?

Na pale kiti hicho cha msikilizaji kinapokaliwa na mtu mbaya, hatari yaongezeka, kwa kuwa mgonjwa aliyekunywa dawa hizi hana ulinzi, moyo wake uko wazi kama nyumba isiyo na mlango. Katika jaribio moja la MDMA huko Kanada mganga alimkosea heshima mgonjwa wake kwa njia ya aibu. Jambo hilo lilitajwa, pamoja na mengine, wakati wakuu wa dawa wa Marekani walipoikataa MDMA mwezi wa Agosti 2024 na kutaka uchunguzi mwingine. Australia wao walifungua tangu tarehe 1 Julai 2023: daktari wa akili mwenye ruhusa maalum aweza kutoa uyoga kwa huzuni isiyosikia dawa, na MDMA kwa hofu ya vita. Gharama yake si ya watu wa kawaida hata kule.

Jambo moja la ajabu: huko Marekani swali hili limepigiwa kura. Wenyeji wa Oregon walikubali uyoga mwezi wa Novemba 2020, wa Colorado mwaka 2022. Wa Massachusetts wakakataa mwaka 2024. Chuo cha Berkeley kiliwauliza wapiga kura wa Marekani mwaka 2023, na 61 katika kila 100 walisema kwamba wangependa dawa hizi ziruhusiwe kwa matibabu. Sisi hatuna chuki na kura. Lakini hatukusikia bado kwamba kinini ilianza kuponya malaria siku ilipopata kura nyingi. Maoni ya watu yaonyesha kiu ya watu, na kiu hiyo twaielewa: dawa za zamani za huzuni haziwafai wote, na wengi wamechoka kungoja. Kiu si kipimo cha maji.

Tuwageukie sasa wale ndugu zetu wanaosema kwamba yote ni ya Shetani. Nao wamekwenda upesi mno. Mzee Sira, katika sura ya 38, afundisha kwamba dawa zatoka ardhini kwa mkono wa Mungu na mwenye akili hazidharau. Baba Mtakatifu Piyo XII alizungumza na madaktari wa usingizi tarehe 24 Februari 1957, akakubali kwamba si dhambi kuondoa maumivu kwa dawa. Na tarehe 9 Septemba 1958, mwezi mmoja tu kabla ya kufa kwake, aliwapokea wataalamu wa dawa za akili waliokutana Roma. Hakuwafukuza. Aliupokea msaada wa dawa hizo kwa wagonjwa, akawataka wamheshimu mtu waliye naye mikononi, asiwe chombo cha kufanyia majaribio. Katekisimu ya Kanisa nayo yafundisha kwamba kutumia dawa za kulevya ni kosa kubwa, ila kwa matibabu ya kweli. Mlango huo mdogo Kanisa limeuacha wazi kwa makusudi.

Tena, moja ya dawa hizi iko kwetu siku nyingi, wala hatukumwona Shetani. Ni ketamini. Shirika la Afya Duniani laihesabu kati ya dawa za lazima tangu mwaka 1985, na katika vita vyetu ni wangapi waliopasuliwa kwa kulazwa nayo, hata pale umeme ulipokatika? Wauguzi wajua kwamba mgonjwa akiamka huweza kusema mambo ya ajabu. Ndugu yake wa karibu, esketamini, ambayo hupulizwa puani, iliruhusiwa Marekani mwezi wa Machi 2019 kwa huzuni nzito, kwa sharti kwamba mgonjwa akae machoni pa mganga saa mbili. Na mchezaji wa sinema Matthew Perry alikufa tarehe 28 Oktoba 2023 kwa ketamini, nyumbani kwake. Dawa ile ile.

Tumeandikiwa swali na mama mmoja wa Birere, kwa mkono wa mkubwa wa shirika lake, nalo ndilo lililotufanya tukichukue kitabu hiki. Mwanawe ana miaka 22. Tangu vita vya Januari 2025 halali usingizi; asikia sauti za watu wasiokuwapo, aona kwamba majirani wanamtega. Mtu anayeuza vidonge mtaani alimwambia mama kwamba aweza kuleta dawa ya Wazungu, ile ya kwenye simu. Bei yake ni likelemba nzima ya mama, zamu yake aliyoingoja mwaka mzima. Auliza kama ni dhambi.

Mama mpenzi, usinunue. Neno la dhambi tuliache kwanza. Madaktari wa siku hizi wanaochunguza uyoga na LSD, hata wale wanaozisifu, kwa kawaida hawampokei katika majaribio yao mtu anayesikia sauti, wala mwenye ndugu wa damu mwenye ugonjwa huo, kwa kuwa dawa ya njozi yaweza kumtupa chini zaidi. Wagonjwa wanaoponywa katika sinema si wa ugonjwa wa mwanao. Jambo hili ndilo tunalomlaumu nalo mtengeneza vipande vya simu kuliko kosa lolote la Pollan; Pollan amelitaja onyo hilo, lakini onyo halikatwi kuwa kipande cha dakika mbili. Na huyo muuzaji, ni nani ajuaye alichonacho mfukoni?

Mpeleke mwanao kwa wauguzi, na kwa Tulizo Letu, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyo papa hapa Goma, chini ya Mafureri wa Frères de la Charité. Dawa za ugonjwa wake zipo, ni za zamani. Ya kwanza yao, ambayo wengi waijua kwa jina la Largactil, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili huko Ufaransa mwaka 1952. Hazina sinema. Zataka kumezwa kila siku, zanenepesha, zaleta usingizi, na mtu akiona nafuu huziacha na kurudi nyuma. Lakini zimewarudisha wengi mezani kwao. Wakati huo mzuie asiguse bangi wala kanyanga. Sala msiache, ila mkiona nyumba ya sala ambako mgonjwa hufungwa kamba, hunyimwa chakula, au huitwa mchawi, mwondoeni siku ile ile.

Tumewataja Mafureri, na yafaa tuseme neno juu yao. Padre Petrus Jozef Triest aliwaanzisha mjini Gent, nchini Ubelgiji, mwaka 1807. Mwaka 1815 walipewa wagonjwa wa akili waliokuwa wamefungwa minyororo katika ngome moja ya kale mjini humo. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuifungua minyororo. Dawa hawakuwa nayo, maana kwa miaka zaidi ya mia baada ya hapo hakuna aliyekuwa nayo. Walikaa nao, wakala nao, wakalima nao. Hatusemi kwamba hayo yatosha, kwani mtu akiwa na homa ya mapafu hatumpi kampani tukamnyima antibiotiki. Twasema kwamba wale wa Johns Hopkins wenye viti laini na muziki wa piano, na wale Mafureri wenye funguo za minyororo, wamegundua kitu kimoja, na kitu hicho hakihitaji ruhusa ya forodha kupita Petite Barrière.

Kama siku moja dawa ya njozi itathibitishwa na kuruhusiwa kwetu, itolewe hospitalini kwa mkono wa daktari, kwa mgonjwa aliyepimwa, na wenye kuketi naye wawe wamefundishwa. Hatutakuwa wa kwanza kuizuia. Ila twaona wazi kwamba mji wenye madaktari wa akili wachache namna hii hauwezi kuanza na dawa inayotaka watu wawili kwa mgonjwa mmoja siku nzima, wakati hata vidonge vya kila siku hukosekana barabara zinapofungwa.

Kitabu tumpe nani? Vijana wa simu hatuwapi. Watakisoma kwa kuruka hadi kwenye njozi. Mapadre na wauguzi wanaojua Kifaransa wakisome, na sura za historia zitawafaa. Lakini sehemu iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ile ya wagonjwa wa kansa waliokuwa wakikingoja kifo huko New York na Baltimore. Hapo Pollan anyamaza kidogo na kuwaacha wagonjwa waseme. Waeleza hofu yao, kisha mchana ule walioupitisha wamefunikwa macho, na waganga wawili kando yao tangu asubuhi hadi jioni. Ndugu wa Legio ya Maria wanaowatembelea wagonjwa, kama mmoja wao aweza kuazima kitabu hiki, aanzie hapo.